Kamba ya Mita 30: Feza ya Miradi ya Shule Inatoka Wapi?

(Hotuba hii niliitoa Jumamosi moja asubuhi katika ukumbi wa parokia hapa Katuba, Lubumbashi, nchini Kongo, mbele ya wakuu wa shule, walimu na wazazi. Mvua iliwazuia wengi, nao wameniomba niiweke yote kwa maandishi. Picha za ukutani hazimo. Hata siku ile hakuna aliyeziona, umeme ulikatika kabla sijasalimia watu.)

Jambo yenu!

Jambo yenu tena, maana wale wa nyuma hawakuitika.

Wakuu wa shule, walimu wenzangu, mama na papa wa komite za wazazi, na ninyi wanafunzi mliosimama dirishani kwa kukosa viti, asanteni kuja na mvua hii. Nimeombwa niseme juu ya feza ya miradi ya shule, ile ambayo mwanafunzi anajifunza kwa kuutumikia mtaa wake, na najua ndiyo sababu ukumbi umejaa. Mwaka jana niliitwa humu humu kusema juu ya kusoma vitabu. Tulikuwa watu kumi na wanne, na wawili kati yao walikuwa wakingojea misa.

Mnaiona kamba hii mezani? Ni ya nailoni, ile ya kuanikia nguo. Ina mita 30. Kila mita ina fundo, na kila fundo la tano limefungwa kitambaa chekundu. Ishikeni, mpitishiane mkono kwa mkono wakati nasema. Tutaihitaji.

Lakini kwanza niwatolee aibu yangu. Mwaka 2014 nilikuwa nafundisha biolojia, nikaamua shule yetu iwe na bustani ya miti. Nikaandika dosie, yaani andiko la kuomba feza, ya kurasa 43. Nikaomba dola elfu sitini! Ndani mlikuwa na ukuta, kisima cha mashine, kompyuta sita na gari. Gari, ndugu zangu! Miche ya parachichi ilikuwa inakwenda safari gani? Nikatoa nakala nane, nikazibana vizuri na jalada la plastiki, nikazipeleka kila mahali palipokuwa na kibao mlangoni. Saba hazikujibiwa mpaka leo. Ya nane ilijibiwa baada ya miezi saba, barua ya mistari mitatu, na ndani yake swali moja tu: wanafunzi watajifunza nini, na mtajuaje kwamba wamejifunza?

Nikafungua dosie yangu mwenyewe kutafuta jibu. Neno «wanafunzi» lilikuwa kwenye jalada, na mara moja tena mahali pa kutaja watakaofaidika. Basi. Kurasa 43 za mabomba na simenti. Dosie ile ningali nayo nyumbani, inafunika debe la unga.

Sasa niulize. Kati yenu, ni wangapi wana dosie ya namna ile? Msinyoshe mikono, mtaaibishana.

Swali lile la mistari mitatu ndilo lililonifundisha kazi hii. Wazee wenzangu mnakumbuka salongo. Enzi za Mobutu, siku ikifika, wote nje: kufagia, kukata majani, kuzibua mifereji. Sisemi ilikuwa mbaya, barabara zilikuwa safi kuliko leo. Lakini mtoto aliyeshika kupekupe, lile panga la kukatia majani, kutwa nzima alirudi darasani na nini? Na malengelenge. Shughuli tunayoizungumza leo, kujifunza kwa kutumikia, jina lake lilizaliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, nayo inadai mambo matatu yashikane. Kazi iwe ile ambayo watu wa mtaa wanaihitaji kweli. Kazi ifungwe kwenye somo lililomo katika programu ya darasa. Halafu mwanafunzi akae chini, aifikirie kazi yake, aiandike, aitetee mbele ya watu. Ukiondoa somo, umebaki na salongo. Ukiondoa kazi, umebaki na ubao na chaki. Na mtoa feza mwenye akili anatafuta hilo kabla hajaangalia bajeti yako.

Haya, kamba imefika wapi? Kwa mama mwenye kitenge cha kijani. Mama, hesabu mafundo sita, unyoshe. Mita sita. Katika shule moja ya Ruashi, mji wetu huu huu, mwalimu wa kike, kijana niliyemfundisha mimi, aliuliza darasa lake la nne la kemia na biolojia: kwenu, kutoka chooni mpaka kisimani ni hatua ngapi? Mmoja akasema saba. Mwingine akasema nne. Mwingine akacheka, akasema kwao huhitaji kutembea, unageuka tu. Yule mwalimu akawaambia kwamba kipimo kinachotumiwa na watu wa misaada duniani ni mita 30 angalau kati ya choo na maji ya chini ya ardhi. Darasa likanyamaza. Kipindupindu wanakijua, hawakusimuliwa.

Jumatatu walinunua kamba. Kamba hii hii. Mafundo walifunga wenyewe, na hapo tayari lilikuwa somo, maana fundo linakula kamba. Mara ya kwanza walipima wakakuta imepungua karibu mita mbili, wakafungua yote wakaanza upya. Jumamosi tatu walizunguka mitaa, wawili wawili. Mmoja anashika kamba, mwingine daftari. Wanapiga hodi, wanaeleza, wanapima. Kisima kina kina gani? Jiwe na uzi. Kina mfuniko? Choo kiko juu ya mteremko au chini yake? Hilo la mwisho lilitoka kwa mwalimu wa jiografia, aliyesikia habari akajiunga bila kuitwa.

Nilikwenda kuiona ramani yao. Waliichora nyuma ya kalenda nne za zamani zilizogundishwa pamoja. Kisima ni nukta ya buluu, choo ni nukta ya kahawia, na pale umbali usipofika mita 15 wamepiga mstari mwekundu. Mtaa mmoja ulionekana kama mgongo wa mtu aliyechanjwa. Nilisimama mbele ya karatasi ile nikakosa neno, mimi mwenye kurasa 43.

Iligharimu kiasi gani? Kamba, daftari mbili, kalamu za rangi, gundi. Haikufika dola 15. Walimu wa shule wana likelemba yao ya kila mwezi, ule mchango wa kupokea kwa zamu, na mwezi ule aliyekuwa na zamu ya kupokea alikubali kukatwa kidogo. Ramani ikabandikwa kwenye kituo cha afya. Muuguzi akaomba nakala. Mfanyabiashara mmoja wa simenti na mabati, ambaye nyumba yake ilikuwa na mstari mwekundu, akaja shuleni usiku, kwa siri, akauliza afanye nini. Akatoa simenti ya mifuniko kumi na miwili. Baadaye tu ndipo ikaandikwa barua ya kuomba feza kubwa, na barua hiyo ilikuwa ukurasa mmoja, na nakala ya ramani nyuma yake.

Nani alitoa feza ya kwanza? Wao wenyewe. Nani alitoa ya pili? Jirani. Na yule wa tatu, wa mbali, alipofika alikuta nini? Alikuta moto umekwisha kuwaka, akaombwa kuongeza kuni. Mimi nilikuwa nimemwomba kuni, mafiga, sufuria na unga.

Sasa tusogee kwenye feza nzito, na hapa naomba wazazi waamke.

Tunaishi wapi? Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Bomba la moshi lile pale, na kilima cha takataka za mgodi pembeni yake, tunazaliwa tunaviona, tunakufa tunaviacha. Tunasema kila siku kwamba shaba yetu inakwenda na hatuoni kitu. Sawa. Lakini je, tumesoma sheria? Sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, iliyorekebisha Kodi ya Madini (Code minier, yaani sheria kuu ya madini, si ushuru), inamwambia mwenye mgodi atenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi wake. Ya mauzo. Si ya faida. Semeni nami: si ya faida! Kwa sababu faida mhasibu hodari anaweza kuifanya iwe sifuri, lakini shaba iliyouzwa imeuzwa. Mgodi ukiuza kwa dola milioni 100, hiyo ni dola laki tatu. Na feza hiyo inasimamiwa na chombo ambacho ndani yake kampuni inakaa pamoja na wawakilishi wa jamii.

Bado. Kuna ule mrahaba unaolipwa kwa serikali: asilimia 3.5 kwa shaba, na 10 kwa kobalti tangu ilipotangazwa kuwa madini ya mkakati mwishoni mwa 2018. Kila franka 100 za mrahaba zinagawanywa hivi: 50 Kinshasa, 25 jimbo, 10 mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 zinabaki kwa komini (utawala wa mtaa mjini), sekta au usultani (eneo la chifu) ambamo mgodi uko. Kumi na tano! Si mia moja, lakini ofisi yake iko umbali wa kutembea kwa miguu.

Basi kwa nini shule hazionekani kwenye feza hiyo? Rafiki yangu mmoja ni prefe, mkuu wa shule ya sekondari, pembezoni mwa mji, si mbali na mgodi. Alikwenda mara nne kwenye lango na barua ya kuomba vifaa. Mara nne mlinzi aliipokea kwa heshima, mikono miwili. Mara ya tano mlinzi yule yule, mtu mzima, akamvuta pembeni, akamwambia: «Papa prefe, barua zinakaa hapa mpaka zinageuka njano. Kwa nini hamji kwenye mkutano?» Mkutano gani? Mkutano ambao kampuni na wenyeji wanakubaliana juu ya ahadi za miaka inayokuja, ule ambao sheria inauita daftari la masharti. Ulikuwa umefanyika chini ya mwembe, mita mia tatu kutoka shule yake. Chifu alikuwepo, vijana walikuwepo, mama wa soko, wachungaji wawili. Mwalimu? Hata mmoja. Kwa hiyo liliandikwa daraja, kikaandikwa kisima, ukaandikwa uwanja wa mpira. Shule haikuandikwa kwa sababu hakuna aliyeisema. Mnamlaumu nani hapo?

Na komini ni vile vile. Ina mpango wake wa maendeleo. Kitu kisichoandikwa kwenye mpango, hata mkuu wa komini akikupenda namna gani, mkono wake umefungwa. Kwa hiyo usiende kuuliza feza iko wapi. Nenda ukaulize mpango unaandikwa lini, nawe uende siku hiyo na watoto wawili na ramani yao.

Naongeza jambo moja, najua wengine humu hawatakubaliana nami. Usipokee feza ya mtu unayempima. Watafiti wa chuo kikuu chetu, UNILU, pamoja na wenzao wa Leuven kule Ubelgiji, walichapisha mwaka 2009 vipimo vya mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini hapa Katanga, wakakuta kobalti ya juu mno. Kwa hiyo watoto wenu wakitaka kupima vumbi la malori kwenye majani ya maembe, ni mradi mzuri sana, kitambaa cheupe na daftari vinatosha. Lakini mradi huo ulipwe na likelemba. Mwenye malori akikuletea fulana na bango lenye jina lake, mshukuru, mwambie akujengee choo cha wasichana. Anayelipia daftari ndiye atakayetaka kulisoma wa kwanza.

Na feza ya mbali? Sisemi tusipige hodi. Rotary, chama cha kimataifa cha watu wa kujitolea, iko mjini hapa, na ina Interact, vilabu vya vijana wa miaka 12 hadi 18. Lakini ruzuku yake ya kimataifa haianzi chini ya bajeti ya dola 30,000, kwa hiyo usiende nayo kuomba kamba. Uliza ile ndogo, inayopitia distrikti, yaani kanda ya Rotary. Ubalozi wa Japani una msaada wake wa ngazi ya chini, unapenda majengo na vifaa, haulipi mishahara. Kanada ina mfuko wa miradi ya wenyeji, na mwaka wake wa feza unafungwa tarehe 31 Machi. Sisi mwaka wetu wa shule unakwenda mpaka Julai! Ukipanga kumaliza kazi Juni, umejichongea mwenyewe.

Wote hao hawamwandikii hundi Mwalimu Fulani. Wanataka chombo chenye karatasi, na kwetu hilo maana yake mara nyingi ni shirika lisilotafuta faida linalofuata sheria namba 004/2001 ya Julai 2001. Nawasihi, msikimbilie kuunda jipya. Mji huu una mashirika ya namna hiyo mengi kuliko maembe ya Novemba. Tafuteni la wanafunzi wa zamani wa shule yenu, au la parokia, lenye akaunti benki na ripoti za miaka iliyopita, muandikishane nalo.

Na kamwe usijenge mradi juu ya mguu mmoja. Kule Marekani, ambako jina la kazi hii lilizaliwa, serikali ilikuwa na mfuko wa shughuli hiyo hasa, Learn and Serve America. Mwaka 2011 Bunge liliunyima feza, ukaisha. USAID nayo, shirika la misaada la Marekani, tuliyozoea kuona nembo yake kwenye magunia na magari, iliacha kazi zake tarehe 1 Julai 2025. Kama hata wao mifuko yao inakauka, sisi ni akina nani tuweke mayai yote kwa kuku wa jirani?

Nasikia mtu anasema: basi tuwachangishe wazazi. Taratibu! Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure. Mtoto asirudishwe nyumbani kutafuta franka za mradi. Mzazi atoe anachoweza kutoa kwa hiari, hata kama ni siku moja ya kuchimba, nanyi iandikeni siku hiyo kwenye bajeti na bei yake. Kibarua analipwa kiasi gani kwa siku? Zidisha. Wazazi kumi wakichimba siku tatu, huo ni mchango wa wenyeji, na mtoa feza anauhesabu. Tunautupa kila mara kwa sababu tunaona haya kuandika jasho.

Nimefika kwenye risiti, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo miradi inapofia.

Wale wa Ruashi walipopata feza yao, walihitaji bidoni (madumu ya maji) na ndoo zenye bomba. Vitu hivyo viko soko la Kenya (kwa mtakaosoma haya kutoka mbali: Kenya ni komini yetu, si nchi). Wakaenda wanafunzi wawili wa sehemu ya biashara na usimamizi, msichana na mvulana, na mwalimu nyuma yao. Mama muuza bidoni akataja bei, wakapatana. Msichana akaomba risiti. Mama akacheka. «Risiti? Mwanangu, mimi na wewe si tunaaminiana?» Ni kweli, soko lote linaendeshwa kwa kuaminiana. Lakini ripoti haiendeshwi hivyo.

Watoto walikuwa wamejiandaa. Walikuwa na daftari lenye karatasi ya kaboni, mistari wameipiga wenyewe kwa rula: tarehe, kitu, idadi, bei kwa moja, jumla, jina, kidole. Msichana akaandika huku akisoma kwa sauti, mama akisikiliza. Bidoni ishirini na nne. Mama akachovya kidole kwenye wino, akakikandamiza, akakifuta kwenye pindo la kitenge chake. Halafu akaiangalia ile karatasi, muda mrefu kidogo. Akasema: «Na mimi nipe yangu.»

Wakampa nakala. Jumamosi iliyofuata alikuwa mlangoni mwa shule. Alitaka wamwandikie yote aliyouza wiki ile, kwa sababu hakuwahi kujua wiki inamletea kiasi gani. Alijua tu kama usiku kuna kitu kwenye sanduku au hakuna. Walikaa naye Jumamosi tatu. Wakagundua kwamba ndoo ndogo, ambazo aliziona zinakwenda haraka, zilikuwa zinamtia hasara, maana usafiri wake ulikula kila kitu. Mwalimu wa uhasibu aliwapa alama za mtihani wa vitendo kwa kazi ile. Mradi wa visima ukazaa mradi wa pili, bila dosie, bila barua, bila mtu yeyote wa kutoka nje. Mwaka uliofuata mama wanne wengine wa mstari ule ule sokoni waliomba nao.

Mnauliza mwanafunzi atajifunza nini? Jibu langu lilikuja miaka kadhaa baada ya ile barua ya mistari mitatu. Nilitamani kumwandikia yule mtu, lakini ofisi yenyewe ilikuwa imekwisha kuhama.

Sasa kazi. Karatasi ziko pale kwenye meza ya sekretari, moja kwa kila shule, ukurasa mmoja, upande mmoja. Andikeni shida gani, inamuuma nani, wanafunzi watafanya nini kwa mikono yao, ni somo gani na la darasa gani, mmekwisha kufanya nini bila feza ya mtu, na kinachopungua ni kiasi gani. Pale pa «mmekwisha kufanya nini», kama hamna cha kuandika, msinipe karatasi. Rudini nayo mwezi ujao.

Na kamba? Imefika wapi? Nani ameishika? Prefe wa pale nyuma, simama tukuone. Unaitaka? Visima au vumbi? Visima. Vizuri, ichukue, lakini Alhamisi iwe imerudi. Mwalimu wa Kampemba ameniomba tangu juzi. Na tafadhali msifungue mafundo.